Namba Tasa: Kutoka Mafungu ya Mirathi Hadi Tarakimu Milioni 41



Kila tufikapo kwenye somo la mirathi, wapo wanaouliza: namba tasa za shuleni zinatuhusu nini sisi wa madrasa? Tuchukue mfano. Mtu amefariki, ameacha mke mmoja na watoto watano wa kiume tu. Baada ya kulipa madeni na kutekeleza wasia, mke anapata thumni, yaani fungu 1 katika 8. Yanabaki 7 ya watoto 5, nayo hayagawanyiki. Wanazuoni wa faraidh huiita hali hii tabaayun: namba mbili zisizo na kigawo cha pamoja isipokuwa 1. Basi tunazidisha 8 kwa 5, yanakuwa mafungu 40. Mama anachukua 5, kila mtoto 7. Hakuna aliyepunjwa hata hatua moja ya kihamba, na huko ndiko ndugu wengi wanakogombana.

Wepesi wa hesabu hii umetokana na 7 kuwa tasa. Idadi ya watoto isipokuwa 7, 14, 21 na kuendelea hivyo, tunajua papo hapo kuwa ni tabaayun.

Namba tasa ni ile iliyozidi 1, isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Mlima wetu una mita 5,895. Inaishia na 5, kwa hiyo si tasa. Ongeza mita mbili: 5,897 ni tasa. Kuthibitisha, jaribu kuigawa kwa namba tasa kuanzia 2 hadi 73, ziko 21 tu. Kigawo kikubwa lazima kiwe na mwenzake mdogo, na 77 mara 77 tayari imeipita 5,897.

Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Cairo miaka elfu moja iliyopita, alitumia kanuni nyingine. Zidisha namba zote zilizo chini ya 7: 1×2×3×4×5×6 ni 720. Ongeza 1, ni 721, nayo inagawanyika kwa 7, mara 103. Namba tasa zote hufanya hivyo, na zisizo tasa hazifanyi. Wazungu waliiita kanuni ya Wilson, Mwingereza wa karne ya 18! Ila kwa namba kubwa kuzidisha huko hakuishi.

Mwaka 1772 Euler alithibitisha kuwa 2,147,483,647 ni tasa. Hiyo ni 2 thelathini na moja zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe, kisha ukatoa 1. Alionyesha kuwa kigawo chake chochote, ukikigawa kwa 248, lazima kibakishe 1 au 63. Akapunguza majaribio mengi mno.

Oktoba 2024 Luke Durant wa Marekani, kwa msaada wa kompyuta katika nchi nyingi, alipata tasa ya namna hiyo hiyo yenye 2 zipatazo 136,279,841. Ina tarakimu 41,024,320. Ukiitamka tarakimu moja kila sekunde, bila kulala wala kula, utamaliza baada ya siku 474 na ushei.

Darasa la mirathi: mke mmoja na watoto wa kiume 11, mafungu ni mangapi?