Ukifika Ilam, Lifuate Jani Mpaka Kiwandani

Wilaya ya Ilam iko pembezoni kabisa mwa mashariki ya Nepal, ikipakana na Darjeeling ya India. Mgeni anayetoka Kathmandu huruka kwa ndege hadi Bhadrapur, katika uwanda wa Jhapa, kisha hupanda gari la kukwea barabara ya Mechi yenye kona zisizokwisha. Uwanda ukishaachwa chini na hewa kuanza kupoa, vilima vya Kanyam hujitokeza vimefunikwa michai iliyokatwa sawasawa kutoka bondeni hadi kileleni. Hapo ndipo magari husimama. Watu hupiga picha, hukodi farasi wa kuzunguka nao kidogo, hunywa chai kibandani, halafu huendelea hadi Antu kulisubiri jua la alfajiri. Ziara nyingi za mashamba ya chai ya Nepal huishia kwenye mapumziko hayo mafupi. Hoja yangu ni kwamba ziara ya namna hiyo inampunja mgeni, na inampunja zaidi mkulima. Shamba la chai la mlimani hujieleza kwa mtu anayelifuata jani tangu mkononi mwa mchumaji, kupitia kiwandani, hadi kwenye pakiti iliyoandikwa jina la mahali lilikotoka.

Tuanze na kile ambacho jicho hukipenda. Mchai ukiachwa bila kupogolewa hugeuka mti wa mita kadhaa. Ule usawa unaofanana na zulia ni matokeo ya kupogoa katika majira ya baridi, na ya kuchuma kila baada ya siku 7 hadi 10 msimu unapokuwa umepamba moto, ili kichaka kisipite kiuno cha mchumaji na nguvu zake ziende kwenye machipukizi mapya. Ukisogea karibu utaiona kazi yenyewe. Mchumaji, ambaye mara nyingi ni mwanamke, hubana kikonyo kati ya kidole gumba na cha shahada, akakivunja bila kukiminya. Anachotafuta ni chipukizi ambalo halijafunguka pamoja na majani mawili laini yaliyo chini yake; jani linalofuata limeshakomaa na litashusha daraja la chai. Viganja vikijaa, majani hutupwa nyuma ya bega ndani ya doko, tenga la mianzi linaloning'inizwa kwa namlo, mkanda unaopita juu ya kichwa na kuuachia uzito shingo na mgongo. Takriban kilo 4 na nusu za majani mabichi ndizo hutoa kilo moja ya chai kavu. Mgeni aliyetazama kazi hiyo kwa nusu saa tu, akiinua macho kuutazama tena mteremko mzima, ataona saa za kazi za watu pale ambapo awali aliona rangi ya kijani.

Mteremko wenyewe nao una sababu. Mizizi ya mchai haivumilii maji yaliyotuama. Inataka mvua nyingi, udongo wenye asidi, na ardhi inayoyaacha maji yapite. Mlima hutoa vyote hivyo, kisha huongeza ukungu na usiku wa baridi vinavyochelewesha ukuaji wa jani. Jani linalokua polepole hujenga harufu na ladha nzito kuliko lililokimbizwa na joto. Ndiyo maana Nepal ina aina mbili za chai zinazotofautiana sana. Jhapa, chini uwandani, majani hukua haraka, na viwanda huyakatakata na kuyararua kwa mashine za CTC, njia ileile inayotawala Kericho na Rungwe. Chai hiyo ya punje ndogo, inayotoa rangi upesi na kuchanganyika vema na maziwa, ndiyo sehemu kubwa ya chai yote inayozalishwa nchini humo. Ilam na wilaya nyingine za milimani hutengeneza chai ya othodoksi, ambayo majani yake husokotwa bila kusagwa ili harufu iliyojengwa mlimani isipotee. Msomaji wa Afrika Mashariki aliyelelewa na chai ya maziwa anaweza kukionja kikombe cha Ilam akadhani hakikukolea. Hajakosea kuhisi tofauti, ila anapima kwa kipimo cha chai nyingine.

Msimu nao unabadili kila kitu, na hapa ratiba za kawaida humpotosha mgeni. Mavuno ya kwanza huwa Machi hadi Aprili, baada ya michai kulala majira yote ya baridi. Chai yake ni nyepesi na ina harufu ya maua. Mavuno ya pili, Mei hadi Juni, hutoa kikombe chenye mwili zaidi na utamu wa matunda. Sehemu ya utamu huo hutokana na wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa majani machanga: mmea hujitetea kwa kutengeneza kemikali ambazo baadaye huwa harufu inayotafutwa na wanunuzi. Julai hadi Septemba ni masika ya monsuni. Mavuno ni mengi, ladha hupungua. Oktoba na Novemba huja mavuno ya vuli, anga likiwa jeupe na milima ya theluji ikionekana. Desemba hadi Februari michai hupogolewa na kazi ya kiwandani husinzia. Anayefika Januari ataipata picha aliyoitaka, lakini hatalikuta jani la kulifuata. Na mteremko uleule unaoilea chai huweza kuua: mwanzoni mwa Oktoba 2025 mvua kubwa iliangusha maporomoko ya ardhi katika wilaya ya Ilam, na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha. Kupanga safari kwa kuzingatia mvua ni kuheshimu mahali pale, mbali na kujilinda mwenyewe.

Kiwandani ndiko hoja hii inakosimama imara. Majani yaliyochumwa mchana hupimwa, kisha hutandazwa juu ya vitanda virefu vya wavu huku hewa ikipulizwa kutoka chini, yanyauke kwa saa 12 hadi 18. Yakishalegea kiasi cha kukunjika bila kuvunjika, huingizwa kwenye mashine ya kusokota inayozunguka taratibu na kuyakamua utomvu wake. Hapo hewa na utomvu hukutana, na majani huanza kubadilika kutoka kijani kuwa rangi ya shaba. Harufu ya nyasi mbichi huondoka, ikaja harufu ya tunda. Msimamizi huinama, akachota konzi, akanusa. Dakika chache za kuchelewa zinaweza kuigeuza chai nzuri kuwa chai ya kawaida. Akiridhika, majani huingizwa kwenye kikaushio, na unyevu hubaki takriban asilimia 3. Safari hiyo yote huchukua karibu siku nzima, usiku ukiwamo. Hakuna mgeni anayeweza kuiona kwa kusimama njiani dakika 40. Anayelala, kwa mfano katika nyumba za wenyeji wanaopokea wageni kule Antu, huona jioni majani yakipokelewa na asubuhi yakisokotwa; na pesa ya malazi yake huingia katika nyumba zilezile zinazoishi kwa chai.

Kulifuata jani kunafunua pia nani mwenye chai. Historia inaanzia 1863, pale Gajraj Singh Thapa, mtawala wa Ilam enzi za ukoo wa Rana uliokuwa ukiitawala Nepal, alipoanzisha shamba ambalo hadi leo limo ndani ya mji wa Ilam wenyewe. Darjeeling ilikuwa imeanza majaribio yake kiasi cha miaka 20 kabla. Wakati upande wa Waingereza ukipanuka kwa mtaji na masoko ya London, Ilam ilidumaa kwa miongo mingi chini ya utawala uliojifungia. Serikali iliunda shirika la maendeleo ya chai mwaka 1966, na mwaka 1982 Mfalme Birendra akatangaza wilaya tano, Jhapa, Ilam, Panchthar, Terhathum na Dhankuta, kuwa ukanda wa chai. Mwaka 2000 mashamba ya shirika hilo yakakabidhiwa sekta binafsi. Lakini badiliko kubwa lilitokea nje ya mashamba makubwa. Maelfu ya wakulima wadogo walipanda michai kwenye matuta yao ya mahindi na ulezi, na leo majani yao yanalisha viwanda vingi vya milimani. Anayeishia Kanyam huondoka akiamini kwamba chai ya Ilam ni bwana mmoja mwenye kilima kizima. Akishuka kwenye vijia vya vijiji atakuta kwamba kaya nyingi zina vipande vyao vya michai, na kwamba bei ya jani bichi ndiyo inayoamua ada ya shule.

Bei hiyo imefungwa na suala la jina. Sehemu kubwa mno ya chai ya mlimani ya Nepal huuzwa India, kwa wingi, ndani ya magunia. Darjeeling ililindwa kisheria India mwaka 2004 kama jina la mahali, na Umoja wa Ulaya ukalilinda mwaka 2011. Jina hilo ni la mashamba 87 tu. Lakini hewa na ukungu havikaguliwi mpakani, na mimea ya pande zote mbili ni ndugu. Wazalishaji wa Darjeeling wamelalamika kwa miaka mingi kwamba chai ya Nepal huchanganywa na kuuzwa kwa jina lao, na mwaka 2022 kamati ya bunge la India ilitaka udhibiti mkali zaidi. Mwaka 2017, mgomo wa kisiasa uliposimamisha kazi Darjeeling kwa zaidi ya siku 100, wanunuzi wengi waligeukia Ilam. Ushahidi huu unaonyesha jambo moja: ubora wa Ilam unajulikana kwa wafanyabiashara, ila jina lake halimfikii mnywaji. Nepal haina mnada mkubwa wa kimataifa kama ule wa Mombasa, ambako wanunuzi wa dunia hushindana hadharani. Mgeni aliyefika kiwandani ni miongoni mwa wanywaji wachache wanaoweza kuunganisha ladha, mahali na jina bila dalali katikati.

Wapo watakaosema kwamba mtu aliyelipia likizo ana haki ya kupumzika, na kwamba si kazi yake kukagua ajira za watu. Ni kweli; hakuna wajibu wa kugeuza mapumziko kuwa uchunguzi. Ila ninachopendekeza huongeza raha. Kikombe hunoga zaidi kwa anayejua kwa nini mavuno ya Mei hayafanani na ya Agosti. Wengine watauliza: pakiti chache za watalii zitafaa nini mbele ya maelfu ya tani zinazovuka mpaka? Kwa uzito, karibu na bure. Lakini faida ya chai inayouzwa kwa jina lake kiwandani hubaki kwa sehemu kubwa na mzalishaji, tofauti na ya gunia lisilo na jina. Pia mnywaji aliyezoea kuulizia Ilam akirudi kwao ataendelea kuiulizia, na soko la jina hujengwa na watu wanaouliza. Pingamizi zito zaidi ni la tatu: wageni husumbua kazi, huchafua chai, huwageuza wachumaji kuwa maonyesho. Hili haliwezi kupuuzwa. Jibu lake ni utaratibu: kiwanda kipange saa za wageni, kitoe kofia na makoti, kitoze ada, na mgeni aombe ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, asikanyage katikati ya michai, asimsimamishe mchumaji anayelipwa kwa kilo. Ziara isiyo na utaratibu ndiyo ya kando ya barabara, ambako kila mtu huingia shambani apendavyo na mwenye jasho hapati hata senti.

Kwa hiyo anayepanga safari ya Ilam apange kwanza msimu, Aprili, Mei au mapema Novemba, kisha apange kulala. Atafute kiwanda kinachopokea wageni na mkulima mmoja anayekiuzia majani. Aulize mambo manne: jani bichi linanunuliwa kwa bei gani, nani huipanga bei hiyo, chai inauzwa wapi, na inauzwa kwa jina la nani. Anunue pakiti iliyoandikwa mwezi wa mavuno na mahali ilikotengenezwa. Wenye mamlaka ya utalii wa Nepal nao wanapaswa kuacha kuuza kilima kama pambo na kuanza kuuza ujuzi uliokitengeneza, kwa sababu vilima vya kijani viko nchi nyingi, lakini chai ya Ilam inatoka Ilam tu. Wakulima wale wamefanya kazi ngumu kuliko zote, ya kuifanya chai yao iwe nzuri. Kazi iliyobaki, ya kuhakikisha uzuri huo unaitwa kwa jina lake, mgeni anaweza kuisaidia kwa siku mbili za safari aliyokwisha kuilipia.