Anayedai na Anayedaiwa: Lugha ya Hesabu za Biashara na ya Kompyuta Katika Shule ya Upili

Katika mwaka wa 2024 nilitumwa na idara kwenda kuwakagua wanafunzi wetu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha katika kaunti ya Kilifi. Mmoja wao, aliyekuwa akisomea ualimu wa Kiswahili na wa Elimu ya Biashara, alikuwa na kipindi cha kidato cha 3 juu ya leja. Aliandika ubaoni, kwa Kiingereza, ile kanuni ambayo kila aliyepitia somo hili ameikariri, yaani akaunti inayopokea hutiwa debiti na akaunti inayotoa hutiwa krediti. Wanafunzi wakainakili. Alipowapa zoezi la mtu aliyefungua duka kwa shilingi 50,000 taslimu, karibu darasa zima liliandika fedha zile upande usio wake. Alipouliza sababu, alijibiwa kwamba krediti ni kitu kizuri, na fedha kuingia ni jambo zuri, basi fedha zinazoingia hazina budi kuwa krediti.

Mwalimu alitulia kidogo, akanitupia jicho pale nilipokaa nyuma, kisha akauliza kwa Kiswahili: "Haya, hizo elfu hamsini sasa zimo sandukuni. Nani anamdai nani?" Darasa likajibu kwa sauti moja kwamba sanduku ndilo linalodaiwa. Kuanzia hapo kazi ilikwenda.

Kipindi kilipokwisha alinijia kuomba radhi. "Samahani, mwalimu, nilijisahau." Fomu yetu ya ukaguzi ina kisanduku cha lugha ya kufundishia, naye alilijua hilo. Nilimpa alama za chini katika kisanduku kile, kama fomu inavyotaka, na alama za juu katika kisanduku cha ufafanuzi. Lakini sijaridhika na hesabu yangu tangu siku ile. Makala haya yanakusudia kueleza, kwa jicho la mwanaisimu, ni kitu gani hasa kilichotendeka katika swali lile moja, na kwa nini jambo hilo halitendeki kwa urahisi kama ule tunapovuka kutoka darasa la biashara kwenda chumba cha kompyuta.

Yafaa kwanza tukumbuke hali ilivyo. Katika shule za upili za Kenya masomo yote hufundishwa kwa Kiingereza isipokuwa Kiswahili chenyewe na lugha nyinginezo. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini leja haijapata habari hizo. Hata Tanzania, ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi tangu 1967, mwanafunzi wa sekondari husoma utunzaji wa hesabu kwa Kiingereza. Kwa hiyo hatuzungumzii upungufu wa nchi moja.

Lakini ikiwa kuna uwanja mmoja wa elimu ambao Kiswahili hakiwezi kushtakiwa kwa umaskini wa msamiati, ni huu wa biashara. Lugha yetu ilikulia bandarini. Maneno kama deni, faida, hasara, amana, rehani, dalali, wakala, ushuru, forodha na shehena si matunda ya kamati yoyote. Yalitumiwa na watu waliopimiana pembe na nguo na karafuu kabla shule ya kwanza ya kikoloni haijajengwa. Mengi yana asili ya Kiarabu. Mengine, kama hundi na bima, yalitoka Bara Hindi pamoja na wafanyabiashara waliokuja nayo. Na penye tofauti ya maana inayohitajika sokoni, lugha imeitunza vizuri kuliko Kiingereza. Mswahili huazima sufuria na hukopa fedha. Aliyeazima sufuria atarudisha sufuria ile ile, na aliyekopa shilingi 1,000 atarudisha thamani yake, si noti zile zile alizopewa. Wanasheria wa Roma walikuwa na majina mawili ya mikataba hii miwili, lakini Kiingereza cha kila siku kina kitenzi kimoja tu. Mwanafunzi wa Kilifi anaijua tofauti hii tangu utotoni, ila hajapata kuambiwa kwamba ni sehemu ya somo.

Sasa turudi kwenye lile sanduku. Mfumo wa kuandika kila jambo mara mbili ulielezwa kwa chapa na Luca Pacioli huko Venice mwaka 1494, na istilahi zake kuu mbili zina mizizi ya Kilatini: ya kwanza hutokana na kitenzi cha kuwiwa deni, na ya pili na kitenzi cha kuamini. Kwa mwanafunzi wetu mizizi hiyo imekufa. Debiti na krediti ni majina matupu ya kushoto na kulia. Tena hili la pili ni baya kuliko utupu, kwa sababu vijana wa Kenya huita muda wa maongezi wa simu "kredo", na mwenye kredo ni mwenye neema. Ndiyo maana darasa lile lilijibu kama lilivyojibu. Halikukosea kwa uvivu. Lilitumia maana pekee lililokuwa nayo.

Kiswahili kinafanya jambo tofauti. Kutoka kitenzi kimoja, -dai, tunapata mdai, na kwa kuongeza kiambishi cha kutendwa -w- tunapata mdaiwa. (Wasomaji wengi hudhani kwamba dai na deni ni ndugu wa damu, kwa kweli katika Kiarabu mizizi yao ni mbalimbali, na ni soko la Kiswahili lililowaozesha.) Pande mbili za leja zimo ndani ya neno moja, na sarufi yenyewe inamlazimisha msemaji kumtaja wa pili: hakuna anayedaiwa bila anayedai. Hapo ndipo ulipo msingi wa uandishi wa mara mbili. Kanuni ile ya ubaoni humtaka mwanafunzi akumbuke pande mbili, lakini kauli ya kutendwa haimruhusu kuzisahau.

Hebu tuifuate hesabu. Mwenye duka ametia shilingi 50,000 sandukuni. Sanduku limepokea, na linadaiwa. Anayedai ni mwenye duka, na dai lake ndilo tunaloliita mtaji. Akimkopesha jirani unga wa shilingi 300, jirani anadaiwa. Hadi hapa mtoto wa darasa la 4 angetufuata. Ugumu huanza kwenye kodi ya nyumba. Shilingi 5,000 zimetoka sandukuni, kwa hiyo sanduku limepunguziwa deni lake. Lakini ni nani sasa anayedaiwa? Hapa walimu wengi hurudi kwenye kukariri, na nakiri kwamba mimi pia nilidhani maelezo ya dai yamefikia ukingo wake. Jibu ni kwamba gharama hupunguza dai la mwenye duka juu ya biashara yake. Alikuwa akidai 50,000; sasa anadai 45,000, na kila kipunguzacho dai huandikwa upande wa wanaodaiwa. Kinyume chake, mauzo huongeza dai lake, nayo huandikwa upande wa wanaodai, kisha bei aliyonunulia bidhaa hukatwa kama gharama, na kinachosalia ndicho faida. Maelezo haya ni marefu, lakini hayana hatua ya kukariri.

Manufaa makubwa zaidi yanaonekana mwanafunzi anapoishika taarifa ya benki. Ameambiwa darasani kwamba fedha zikiingia ni debiti. Benki inamwandikia kwamba fedha zake zilizoingia ni krediti. Nimewauliza walimu kadhaa jinsi wanavyolieleza hili, na wengi hujibu kwamba benki "hugeuza". Benki haigeuzi chochote. Katika kitabu chake yenyewe ndiyo inayodaiwa, na mwenye akiba ndiye anayedai. Mtu akishauliza "katika kitabu cha nani?" fumbo limekwisha.

Nisije nikaeleweka kwamba kila neno letu la soko laweza kuingia darasani na viatu vyake. Chukua rasilimali. Katika Kiarabu ni "kichwa cha mali", na kwa bahati neno la Kilatini linalolingana nalo lina kichwa ndani yake vilevile. Zamani lilikuwa jina la fedha za kuanzia biashara, na katika vitabu kadhaa lingali hivyo. Lakini siku hizi twasikia rasilimali za misitu, rasilimali za maji, hata rasilimali watu, na wapo watunzi wanaolitumia kwa vitu vyote ambavyo biashara inavimiliki. Neno moja basi limekaa pande zote mbili za mizania. Mtaji halina tatizo hilo, nami ningeshauri mtaji liachiwe maana ya dai la mwenye biashara, na mali litumike kwa vinavyomilikiwa.

Riba ni mfano mgumu zaidi, maana hapa si utata wa maana bali ni uzito wa neno. Kwa Kiingereza mwalimu hutaja malipo ya mkopo kwa neno lisilohukumu. Anapolitamka riba mbele ya darasa la pwani, nusu ya wanafunzi wanasikia jambo lililoharamishwa. Wengine watasema kwamba hilo ni sababu ya kutafuta neno jingine. Mimi naona ni sababu ya kulitumia, mradi mwalimu aeleze. Kwani tangu mwaka 2008 Kenya ina benki zinazofuata sheria ya Kiislamu, na mwanafunzi asiyejua kwa nini benki hizo zinanunua na kuuza badala ya kukopesha kwa riba hajajifunza biashara ya mji wake.

Wakati huohuo soko linaendelea kutunga bila kutungoja. Huduma ya M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 ilieneza wakala na salio hadi vijijini. Mwaka 2019 ikaja Fuliza, inayomruhusu mtu kulipa zaidi ya salio lake. Kitenzi hiki cha kale, chenye maana ya kuendelea na jambo bila kukoma, kilikuwa kimeanza kusahauliwa na vijana. Leo mtu husema "nimefuliza" bila kufikiria kampuni wala kamusi.

Tunapoingia chumba cha kompyuta, mambo yanapinduka. Huko hatuna urithi wa bandari, na badala ya neno moja lenye kazi tunakuta majina matatu ya mashine moja: kompyuta, tarakilishi, ngamizi. Tarakilishi limependwa sana katika vitabu vya Kiswahili vya Kenya. Mwanafunzi hulitumia katika insha ili apate alama, kisha huenda maabara akasema kompyuta. Silaumu utungaji wake, ambao umeunganisha tarakimu na akili kwa ufundi. Nasema tu kwamba tumetumia wino mwingi kugombania jina la chombo, na hali kinachomtatiza anayejifunza ni vitendo.

Katika vitendo ndipo lugha imefaulu. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa programu za ofisi kwa Kiswahili mwaka 2004, na watafsiri wengine walipofuata, yalienea maneno ambayo hayahitaji maelezo: hifadhi, nakili, bandika, futa. Bofya ni zuri kuliko yote. Ni kitendo cha mnunuzi anayeliminya embe kwa kidole kuona kama limeiva, na sasa ni kitendo cha kidole juu ya kipanya. Aliyelichagua alikuwa na sikio.

Masomo haya mawili hukutana katika lahajedwali. Programu ya kwanza ya aina hiyo kwa kompyuta ndogo, VisiCalc, ilitolewa mwaka 1979, na wazo lake lilimjia Dan Bricklin alipokuwa mwanafunzi wa biashara katika Chuo Kikuu cha Harvard. Neno letu limeunganisha laha na jedwali, lakini mwanafunzi wangu mmoja, aliyetoka kwenye mhadhara wa isimujamii, alilisoma "lahaja-dwali" na kuniuliza ni lahaja ya wapi. Safuwima na safumlalo hazikumpa taabu, maana mtu anaona moja imesimama na nyingine imelala. Tatizo ni kwamba lahajedwali halijui kudai. Linajua kujumlisha na kutoa tu. Mwanafunzi aliyekariri kushoto na kulia huandika kila kitu katika safuwima moja yenye alama za kutoa, na mashine hailalamiki. Aliyezoea kuuliza nani anamdai nani huweka safuwima mbili, kisha huiagiza mashine imwonyeshe kama jumla zinalingana.

Mtihani utakuja kwa Kiingereza, na hatuna haki ya kumpeleka mtoto pale bila maneno ya Kiingereza. Pendekezo langu ni dogo. Juu ya upande wa kushoto wa leja iandikwe "anayedaiwa" na chini yake debiti; juu ya upande wa kulia, "anayedai" na chini yake krediti; na istilahi za Kiingereza zibaki peke yake ubaoni baada ya wiki chache, darasa likishazoea. Tangu 2024 sehemu za biashara na za kompyuta zimeunganishwa katika somo moja la shule za sekondari za chini, kwa hiyo walimu tunaowaandaa sasa watayafundisha yote mawili kwa pamoja. Niliwasilisha pendekezo hili katika kikao cha walimu wanaosimamia mazoezi, likasikilizwa kwa heshima. Fomu ya ukaguzi ingali na kisanduku kile.