Ruhusa ya Uso, Ruhusa ya Maneno

Kati ya mwaka 1938 na 1941, mpiga picha Walker Evans alikuwa akipanda treni za chini ya ardhi jijini New York huku kamera ameificha ndani ya koti. Lenzi ilichungulia kati ya vifungo, na waya wa kufyatulia ulipita kwenye mkono wa koti hadi kiganjani. Abiria waliokaa mbele yake hawakujua lolote. Akapata nyuso ambazo hazikujiandaa: huyu kachoka, yule anasinzia, mwingine anawaza yake. Kitabu cha picha hizo, Many Are Called, kilitoka mwaka 1966. Nyuso zile bado zinanishika kila nikizitazama, lakini hakuna hata mmoja tunayejua alikuwa akienda wapi. Picha ya kuiba inakupa sura, basi.

Miongo kadhaa baadaye, katika jiji lilelile, Philip-Lorca diCorcia alifunga taa za kumulika pale Times Square, akasimama mbali na lenzi ndefu, akawapiga picha wapita njia bila wao kujua. Mmoja wao, mzee wa Kiyahudi aliyeshika dini, alikuja kugundua kwamba sura yake imewekwa kwenye maonyesho na nakala zinauzwa kwa maelfu ya dola. Akashtaki, kwa kuwa imani yake inakataza sanamu za namna hiyo. Mwaka 2006 mahakama ilimkatalia: picha ile ni sanaa, si tangazo la biashara, na sanaa inalindwa na katiba ya Marekani. Sawa, sheria ilimruhusu mpiga picha. Lakini ruhusa ya hakimu haikuwa ruhusa ya mwenye uso, na mimi nasimama na yule mzee.

Brandon Stanton alishika njia nyingine. Alikuwa akifanya biashara ya hati fungani Chicago. Alipopoteza kazi hiyo mwaka 2010 alihamia New York, akilenga kupiga picha za watu 10,000 wa mtaani na kuzipanga kwenye ramani ya jiji. Ndiyo kazi tunayoijua leo kwa jina la Humans of New York. Mwanzoni zilikuwa sura tu. Kisha akakutana na mama aliyevaa kijani kuanzia juu hadi chini. Mama akamweleza kwamba zamani alikuwa na rangi tofauti kila siku, hadi siku moja ya kijani mambo yakamnyookea sana, naye hakubadilisha tena. Stanton hakuiona picha ile kuwa nzuri. Aliitoa pamoja na maneno ya mama, na watu wakaipenda kuliko nyingine. Tangu hapo mazungumzo yakawa nusu ya kazi, kama si zaidi.

Na mazungumzo yana ufundi wake. Ukimwuliza mtu “Maisha yanaendaje?” atakujibu “Tunamshukuru Mungu,” na mmemaliza. Mwezi Januari 2015 Stanton alimwuliza kijana wa shule katika mtaa wa Brownsville ni nani aliyemgusa zaidi maishani. Kijana akamtaja mkuu wake wa shule, akasimulia jinsi alivyowasimamisha wanafunzi mmoja mmoja na kumwambia kila mmoja kwamba ana thamani. Kutokana na simulizi hiyo shule ilichangiwa zaidi ya dola milioni 1.4. Swali lilidai mtu na tukio, ndiyo maana lilizaa. Kwa hiyo muulize fundi viatu nani alimshikisha sindano mara ya kwanza, au ni siku gani alitaka kuiacha kazi. Kisha nyamaza. Kimya kikikushinda ukadakia swali la pili, umeua jibu la kwanza.

Kabla ya hayo yote kuna kumfikia mtu mwenyewe. Nenda kwa mbele, kamera ikionekana. Pale Kariakoo naanza hivi: “Shikamoo mzee. Napiga picha za mafundi wa hapa sokoni, naomba nikupige moja.” Karibu kila mara jibu ni swali: “Unazipeleka wapi?” Usilichukulie kuwa ukali, maana ni haki yake. Mjibu wazi kama ni gazetini, kwenye maonyesho au mtandaoni. Akikataa, mshukuru na uende zako.

Akikubali, tumia lenzi ya milimita 35 au 50, inayokulazimisha kuwa karibu naye. Ile ya 200 inakujaribu kuiba ukiwa ng'ambo ya barabara. Amekaa? Chuchumaa, macho yenu yawe sawa. Jua la saa sita la Dar es Salaam linajaza kivuli chini ya nyusi na kofia, kwa hiyo mwombe asogee chini ya mwavuli wake au kwenye kibaraza.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wapiga picha wengi hawalipi uzito. Uso na maneno vikiungana vinafichua kuliko kimojawapo peke yake. Mama lishe aliyekuambia kwamba mumewe hajui deni lake la kikoba alikubali kupigwa picha. Hakukubali mtaa mzima usome habari za deni. Ndiyo maana ruhusa huombwa mara mbili: ya uso kabla ya kupiga, ya maneno baada ya kuongea. Msomee ulichoandika, kwa lugha yake, naye aseme hiki toa, hiki acha. Mwaka 2014 Stanton alipozunguka na Umoja wa Mataifa katika nchi kadhaa, zikiwemo Kongo, Kenya na Uganda, alifanya kazi kupitia wakalimani. Maneno yaliyopita vinywa viwili yana haja kubwa zaidi ya kurudishwa kwa mwenyewe.

Huku kwetu kuna sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022. Zinahusu taarifa zinazomtambulisha mtu, na uso wake ni mojawapo. Mtoto hajiruhusu mwenyewe, mtafute mzazi. Mwachie kila mtu namba yako ya simu, na umtumie picha yake WhatsApp kabla hujaitoa kwa umma. Akipiga baada ya mwezi kuomba uiondoe, iondoe siku hiyohiyo, ila mweleze ukweli kwamba nakala ambazo watu wameshazihifadhi kwenye simu zao huwezi kuzifuata.