Francisco Manicongo: mtu wa Kongo katika daftari ya Inkwizisio



Kila mara watu wanapozungumza juu ya wanaume wenye kupenda wanaume, ao wanawake wenye kupenda wanawake, neno moja linarudi, hata katikati ya mapadri na wafratri: «Mambo hayo hayakuwa kwetu. Yametoka Ulaya.» Wengine wanalisema kwa kutulia, wengine kwa hasira, na mara nyingi mazungumzo yanakwisha pale pale.

Hatutaki kujibu hapa maswali yote ya maadili. Mwalimu wa teolojia ya maadili anayo saa yake. Swali letu ni la historia, nalo ni fupi: neno lile ni la kweli? Kwa kulijibu, sherti tufungue daftari moja ya zamani iliyoandikwa kwa amri ya baraza la Kanisa, ng'ambo ya bahari. Ndani yake kuna mtu wa Kongo. Wasomaji wetu wachache wamesikia jina lake, na hilo si ajabu, kwa kuwa kwa muda wa miaka mia tatu na zaidi hakuna aliyemtafuta.

Mji ni Salvador, katika Bahia, uliokuwa mji mkubwa wa Wareno katika nchi ya Brazili. Mwaka 1591 akafika huko Heitor Furtado de Mendonça, mjumbe wa Inkwizisio ya Lisbon, ni kusema baraza la kuchunguza imani. Lilikuwa zuru la kwanza la baraza hilo katika Brazili. Desturi ya zuru kama hilo ilijulikana: tangazo linasomwa kanisani, watu wanapewa siku thelathini za neema, na kila mmoja anaamriwa kuja kuungama makosa yake mwenyewe, tena kusema makosa ya wengine aliyoyaona ao kuyasikia. Anayenyamaza anajitia hatarini. Basi watu wakaja. Mmoja alisema jirani yake anakula nyama siku ya kufunga, mwengine alimshitaki mama mkwe kwa desturi za Kiyahudi. Mwandishi aliandika yote. Ni daftari ya masengenyo, tuseme wazi, lakini masengenyo yaliyoandikwa kwa uangalifu sana, na kwa sababu hiyo wanahistoria wanaipenda. Mashitaki ya Bahia yalichapwa kitabu huko São Paulo mwaka 1925.

Katika mwezi wa Agosti 1591 akafika mbele ya mjumbe Mreno mmoja, Matias Moreira, aliyejiita «Mkristu wa zamani», maana yake mtu ambaye wazee wake hawakuwa Wayahudi walioongoka. Alimshitaki mtumwa mmoja jina lake Francisco, aliyetoka Kongo, mali ya mshona viatu aitwaye Antonio Pires. Moreira alisema hivi: yeye mwenyewe alitembea sana katika Angola na Kongo, anajua desturi za huko. Kule, akasema, kuna wanaume wenye kutumika kama wanawake wakati wa kulala na wanaume wenzao, nao wanajifunga kitambaa kwa namna yao, ncha zake zikikutana mbele. Katika lugha ya Angola na Kongo wanaitwa jimbandaa. Francisco alionekana katika mji wa Salvador akijifunga vile vile. Bwana wake alimpa nguo za mwanaume, naye alikataa kuzivaa.

Moreira akamkaripia. Kisha akamwona tena, mara mbili ao tatu, na kitambaa kile kile, akamkaripia tena.

Tusimame kidogo juu ya jina. Sisi Wakongo tunajua Mani Kongo ni nani: ni mfalme, mwenye Kongo. Mwaka 1491 Nzinga Nkuwu alibatizwa na kuitwa João. Mwana wake Afonso alitawala tangu mwaka 1509 kama mfalme Mkristu. Mjukuu, Henrique, alifanywa askofu mwaka 1518. Huyo Afonso alimwandikia mfalme wa Ureno mwaka 1526, akilalamika kwamba wafanya biashara wanakamata watu wake, hata wana wa wakubwa, na kuwauza. Biashara ile haikukoma. Na hivi sifa ya mfalme ikabandikwa juu ya mtumwa wa mshona viatu, kwa kuonyesha tu alikotoka. Hata mji wake mpya na mji mkubwa wa Kongo viliitwa jina moja: São Salvador, Mwokozi. Hatujui kama Francisco alicheka siku alipoambiwa.

Sasa neno jimbandaa. Wafratri wanaosoma sarufi ya lugha zetu wataona mara moja kwamba si neno la Kireno. Kiambishi ji- ni alama ya wingi katika Kimbundu, lugha ya Luanda na nchi za karibu. Na mzizi wake, walivyoona wataalamu, ni ule wa kimbanda, ambaye katika lugha hiyo ni mganga. Haya ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Moreira hakuwa na faida yoyote kutunga neno la Kibantu ili kumshitaki mtumwa wa mwenzake; neno la Kireno lilitosha, tena mwandishi alikuwa nalo tayari. Alilileta neno geni kwa sababu alilisikia huko. Nalo si tusi la mtu mmoja: ni neno la wingi, lenye kutaja namna ya watu wanaojulikana kwa mavazi yao. Lugha haiweki wingi kwa kitu ambacho hakipo.

Mtu atasema: shahidi mmoja, tena mshitaki, hatoshi. Ni kweli, na ni sheria njema. Lakini wako wengine. António de Oliveira Cadornega, askari Mreno aliyeishi katika Angola miaka zaidi ya arobaini, aliandika historia ya vita za nchi hiyo kunako mwaka 1680. Naye anawataja wanaume wenye kuvaa kama wanawake na kuitwa quimbandas. Anawachukia wazi. Lakini anasema kwamba watu waliwaheshimu na hawakuwaudhi, na kwamba akifa mmoja, ni wenzake tu wanaokusanyika kumlilia, kumtengeneza na kumzika, kwa maana hakuna mwengine anayethubutu kumgusa maiti. Padri Giovanni Antonio Cavazzi, Mkapusini, aliyemhudumia Malkia Njinga mpaka kufa kwake mwaka 1663, anaeleza vilevile juu ya nganga wa namna hiyo katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1687. Askari, misionari na mtu wa mji: watatu, katika nyakati mbalimbali, bila mmoja kupenda alichokiona.

Sherti hapa tujihadhari na kosa la upande wa pili. Wako wanaosoma maandiko haya na kusema haraka: «Basi zamani Afrika ilikuwa na mashoga sawasawa na wa leo.» Hapana, si rahisi hivyo. Kimbanda alikuwa mganga, mtu wa mizimu, na mwanahistoria James Sweet anaonyesha kwamba mavazi yake na kulala kwake havikutengwa na kazi hiyo ya kiroho. Tena hatujui Francisco mwenyewe aliwaza nini. Hakuna neno moja katika daftari lililotoka kinywani mwake. Tunajua nguo aliyoikataa, na hata hiyo tunaijua kwa mdomo wa adui. Wareno waliandika «yeye mwanaume», kwa kuwa lugha yao inawalazimisha kuchagua. Siku hizi katika Brazili wanamwita Xica, jina la kike. Sisi tunalo neno yeye, ambalo halichagui, na tunaona linatufaa.

Francisco hakuwa peke yake mbele ya baraza hizo. Mwaka 1556 mtumwa mwengine, António, mtu wa Benin, alishikwa mjini Lisbon. Alivaa kama mwanamke na kujiita Vitória, akahukumiwa kupiga makasia katika majahazi ya mfalme mpaka kufa. Na katika zuru lile lile la Bahia, Felipa de Sousa, mwanamke Mreno mshona nguo, aliungama kwamba alilala na wanawake. Mwaka 1592 alipigwa fimbo hadharani katika njia za Salvador, akafukuzwa. Luiz Mott, mtaalamu wa Brazili aliyefungua tena daftari hizi, anahesabu watu thelathini hivi waliochomwa moto na Inkwizisio ya Ureno kwa kosa la sodomia katika miaka yake yote.

Basi, tukirudi kwenye swali letu: nini kilitoka Ulaya? Sheria ya mfalme wa Ureno ya mwaka 1521 ilisema kwamba mwenye kosa hilo achomwe mpaka awe majivu, mali yake ichukuliwe, na wazao wake wabaki na haya ya kosa lake. Sheria hiyo ilitoka Ulaya. Daftari, mashitaki ya siri, siku thelathini za kumtaja jirani, vyote vilitoka Ulaya. Watu wenyewe walikuwapo kila mahali, kule na huku.

Lakini tuongeze jambo ambalo linatuhusu zaidi sisi wanafunzi wa teolojia. Hoja ya «hayakuwa kwetu» ni hoja dhaifu hata ingekuwa kweli. Misa nayo ilifika Kongo katika merikebu za Wareno, pamoja na ubatizo na kalamu. Kama kitu ni kibaya kwa sababu kilivuka bahari, tutaanza kutupa nini? Na wizi ulikuwapo kwetu tangu zamani, wala hakuna padri anayeuhubiri kuwa mwema kwa sababu ni wa asili. Mafundisho ya Kanisa juu ya ndoa hayajajengwa juu ya jiografia. Yeye anayeyategemeza juu ya neno «ni desturi ya Wazungu» anayaweka juu ya mchanga, na mwanafunzi mmoja mwenye kujua kusoma Kireno atauondoa mchanga ule mbele ya darasa zima.

Tena hoja hiyo ina madhara, na hapa hatuzungumzi tena juu ya vitabu. Kijana anayejiona ana moyo wa namna hii, naye ni mwana wa kwaya ao wa shule yetu, akisikia mimbarani kwamba watu kama yeye hawakuwapo kamwe katika nchi ya babu zake, anasikia kwamba yeye si wa ukoo. Atafanya nini? Wengine wananyamaza mpaka uzee. Wengine wanaoa kwa kuficha, na mke anaumia bila kujua sababu. Wengine hawarudi tena. Katekista anayewatembelea watu nyumbani anajua mambo haya kuliko sisi tunaoandika.

Katekisimu ya mwaka 1992, ambayo haibadilishi mafundisho juu ya matendo, inaamuru watu hao wapokelewe kwa heshima, kwa huruma na kwa uangalifu, na wasibaguliwe bila haki. Mwaka 1986 Kongregasio ya Mafundisho ya Imani ililaumu wazi wanaowatukana ao kuwapiga. Na mwezi wa Januari 2024, Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa alipoandika kwa jina la mabaraza ya maaskofu wa Afrika kwamba hayaoni vema kubariki watu wawili wa namna hiyo katika Afrika, barua yake ilisema vilevile kwamba watu hao wapewe heshima na utu wao. Sehemu ya kwanza ya barua ilisomwa na kupigiwa makofi mahali pengi. Tungependa kuona ya pili ikisomwa kwa sauti ile ile.

Huko Brazili, Francisco amepata makofi ya namna nyingine: katika karnavali ya Rio de Janeiro ya mwaka 2025 kundi la Paraíso do Tuiuti liliimba na kucheza hadithi yake. Watu wa ngoma wamelipamba jina lake kwa mambo ambayo daftari haiyasemi, jinsi watu wa ngoma wanavyofanya. Hatuwalaumu. Daftari yenyewe inasema machache mno.

Maneno yake ya mwisho juu ya Francisco ni ya Moreira, na yanaonekana yalisemwa kwa furaha ya mtu aliyemaliza kazi: baada ya karipio lile la mwisho, sasa mtumwa yule anatembea amevaa nguo za mwanaume. Hakuna kesi inayojulikana, wala hukumu. Mwandishi akageuza ukurasa, akaita shahidi mwengine.