Fahamu: Afrika Kusini ilivyohalalisha ndoa za jinsia moja

Uholanzi ilitangulia, Aprili 2001. Zikafuata Ubelgiji, Hispania na Kanada, kisha Novemba 30, 2006 ikaja Afrika Kusini, ya kwanza barani Afrika.

Chimbuko ni Katiba ya 1996. Kifungu cha 9 kinakataza mtu kubaguliwa kwa rangi, jinsia, dini, na pia mwelekeo wake wa kimapenzi. Nchi hiyo iliujua vyema uchungu wa sheria inayompangia mtu wa kuoana naye: hadi 1985, Mzungu na asiye Mzungu hawakuruhusiwa kufunga ndoa.

Wanawake wawili wapenzi walikwenda mahakamani kudai haki ya kuoana. Desemba 1, 2005, Mahakama ya Katiba ikakubaliana nao na kulipatia Bunge miezi 12 kurekebisha sheria ya ndoa. Hukumu iliandikwa na Jaji Albie Sachs, mpigania uhuru aliyepoteza mkono kwa bomu la makaburu mjini Maputo. Bunge lilipitisha sheria mpya kwa kura 230 dhidi ya 41.

Lakini liliacha mwanya usiostahili: ofisa wa serikali, anayelipwa kwa kodi ya wote, aliweza kukataa kuwafungisha ndoa wapenzi wa jinsia moja kwa sababu ya dhamiri yake. Kipengele hicho kilifutwa 2020. Viongozi wa dini hawalazimishwi hadi leo.