Habari za Ugogo Zilizolala Katika Maktaba

Husemwa mara nyingi kwamba habari za kale za Ugogo zimo vinywani mwa wazee tu, na mzee akizikwa, habari nazo huzikwa. Neno hili lina ukweli, lakini si lote. Habari nyingi ziliandikwa, zikachukuliwa mbali, nazo hata leo zimewekwa katika maktaba za vyuo vikuu. Twapenda kuwaeleza walimu na mapadre wenzetu zilipo, jinsi ya kuzitafuta, na kwa nini si vema kuzisoma bila kuwauliza wenyeji.

Wamisionari wa C.M.S. walifika Mpwapwa mara ya kwanza mwaka 1876, wakaweka kituo cha kudumu mwaka 1878. Barua walizopeleka kwao zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Lakini mtu akienda huko akataka barua za miaka ile kwa jina la Ugogo, huenda akarudi mikono mitupu, kwa kuwa zilipangwa pamoja na za Misheni ya Nyanza. Sababu yake ni kwamba wamisionari wale walitumwa kwa Kabaka Mutesa wa Buganda, na Mpwapwa ilikuwa kituo cha njiani. Tena, tangu 1927, ilipoundwa Dayosisi ya Central Tanganyika chini ya Askofu Chambers, kazi ilichukuliwa na C.M.S. ya Australia, basi atafutaye habari za baadaye hana budi kuelekea huko pia. Kanuni ni hii: usiulize kwanza barua yasimulia nchi gani, bali uliza ni nani aliyeiandika, na aliiandika kwa bwana gani.

Neno la pili ni tahajia. Wadachi waliandika Mpapua, nasi twaandika Mpwapwa. Wasafiri wa karne ya 19 waliliita pori kavu lililo magharibi ya Mpwapwa Marenga Mkali. Msomaji asiyejua Chigogo aweza kudhani kwamba hilo ni jina la mtu. Lakini Mgogo hulitambua mara moja, kwa maana malenga kwa Chigogo ni maji. Ndiyo maji makali, yaani maji ya chumvi. Hivyo mtoto wa shule ya kijijini aweza kufumbua neno lililomshinda mwanachuoni wa mbali.

La tatu, na ndilo kubwa, ni kupima maneno ya mwandishi. Burton alipita Ugogo mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871, na wote wawili walilalamika sana juu ya hongo waliyotozwa na watemi. Asomaye vitabu vyao peke yake atawaona Wagogo kuwa watu wenye tamaa tu. Lakini na aitazame nchi yenyewe. Mvua ya Dodoma ni ya majira mamoja, tangu Desemba hata Aprili, na miezi inayobaki ni kiangazi kitupu. Misafara ya watu mamia iliyotoka pwani kwenda Tabora ilikunywa maji ya visima vilivyochimbwa na wenyeji, ikala na nafaka zao. Mtemi alitoza malipo kwa ajili ya njia na maji. Mwandishi alihesabu vitambaa alivyotoa. Hakuhesabu maji aliyokunywa.

Tuchukue na mfano wa njaa iitwayo Mtunya, iliyoipiga Ugogo katika miaka ya 1917 hata 1920. Katika vita, majeshi ya Wadachi, na baadaye ya Waingereza walioingia Dodoma mwaka 1916, yalichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Kisha mvua ikakosekana. Wanahistoria hukadiria kwamba walikufa watu wapata 30,000 kati ya 150,000. Hesabu hiyo hutoka katika maandishi. Lakini jina halikutoka kwa serikali. Lilitoka kwa watu wenyewe, nalo hufasiriwa kuwa ni kugombania, yaani kila mtu kunyang'anyia tonge lake. Hesabu yatuambia ni wangapi waliokufa. Jina latuambia jinsi ujirani ulivyovunjika. Asiye na vyote viwili hajaijua Mtunya.

Wagogo wenyewe wameonyesha njia. Mathias Mnyampala alitoa kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo mwaka 1954, kwa Kiswahili, nacho kilitolewa kwa Kiingereza mwaka 1995. Baada yake Mzee Ernest Kongola, mwalimu mstaafu, alikusanya habari za koo na kuzipiga taipu kitabu baada ya kitabu. Kazi yake ilielezwa katika kitabu alichokitoa pamoja na mwanahistoria Gregory Maddox mwaka 2006. Huyu hakungoja mgeni aje kuuliza.

Basi, ndugu zetu, tusiangalie Birmingham tu. Makabati ya makanisa yetu yana daftari za ubatizo, za ndoa na za maziko, na magogo ya shule. Mchwa hawabagui karatasi. Dodoma, iliyochaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, yazidi kupanuka. Tembe zabomolewa, na watu wahama na masanduku yao au wayatupa. Kabla ya kuchoma karatasi kuukuu, isomeni. Mkiandika maneno ya mzee, andikeni jina lake kwa ruhusa yake, ukoo wake, kijiji na tarehe, na maneno yake kwa Chigogo kama alivyoyasema, kisha tafsiri. Nakala moja ibaki kijijini, na nyingine ipelekwe penye ulinzi. Hapa Dodoma penyewe vyuo vikuu viwili vilianzishwa mwaka 2007, Chuo Kikuu cha Dodoma na cha St John's. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaona kwamba habari zenyewe ndizo mali, na mlinzi wake wa kwanza ni mwalimu wa kijiji.