Tarakilishi ilipogoma, mhadhiri alirudi darasani

Wahenga walipotuachia usemi kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo, sidhani walimkusudia yule asiyewahi kuingia darasani. Naamini waliwakusudia watu wa aina yangu, wenye shahada ya uzamifu ukutani na aibu ya kuuliza moyoni.

Nimefundisha isimu kwa zaidi ya miaka 15. Katika muda huo nimesimama mara nyingi mbele ya walimu wenzangu kulitetea neno kipakatalishi. Nimewaeleza kwamba limefumwa kutokana na kitenzi kupakata, kama mama anavyompakata mwanawe, na neno tarakilishi ambalo wanafunzi wetu wamelizoea. Aghalabu walimu hao hunipigia makofi. Lakini usiku mmoja wa mwezi wa Novemba mwaka 2025, kipakatalishi changu mwenyewe kilinigomea, nami nikatambua kwamba nalijua jina la mtoto lakini simjui mtoto.

Kisa chenyewe kilianza hivi. Tarehe 14 Oktoba 2025, mfumo endeshi wa Windows 10, uliotolewa mwezi wa Julai mwaka 2015, ulifikia kikomo cha kuhudumiwa. Mashine zinazoutumia hazikuzimika siku hiyo, la hasha. Kilichokoma ni vile viraka vya usalama vilivyokuwa vikitumwa kila mwezi, isipokuwa kwa waliojiandikisha kuongezewa muda. Ni sawa na kuishi katika nyumba ambayo fundi wake hatarudi tena kuziba nyufa. Kiangazi utalala vyema. Masika yakija utajijua. Kwa kuwa kipakatalishi changu, nilichokinunua mwaka 2019, kilikuwa kimetimiza masharti ya kupokea Windows 11, niliazimia kukipandisha daraja. Walimu wanaousoma ukurasa huu wanajua vyema uzito wa maneno hayo mawili, na jinsi mtu anavyoweza kukaa mlangoni pa daraja jipya miaka na mikaka bila kuvuka.

Nilianza saa mbili usiku. Mfumo mpya ukapakuliwa, mashine ikajizima na kujiwasha, kisha kiwambo kikawa cheusi na idadi ya asilimia ikaanza kupanda. Ishirini. Arubaini. Sitini na mbili. Hapo ikasimama. Taa ndogo inayoonyesha kwamba diski inafanya kazi iliendelea kupepesa hadi saa sita, kisha nayo ikanyamaza. Adhana ya alfajiri ilinikuta kitini, na asilimia ilikuwa ile ile sitini na mbili.

Msomaji atauliza, kwa nini mtu mzima akeshe kwa ajili ya mashine? Jibu langu si la kujivunia. Ndani ya kipakatalishi hicho mlikuwa na rasimu za tasnifu za wanafunzi wangu, nyingine zikiwa na majina kama "ya mwisho" na "ya mwisho kabisa". Mlikuwa na alama za mitihani. Fauka ya hayo, mlikuwa na saa 60 za sauti nilizozirekodi Wasini na Vanga, pwani ya kusini, katika utafiti wangu wa lahaja ya Kivumba. Miongoni mwa sauti hizo ni ya bibi mmoja mzee niliyeketi naye barazani mwaka 2011, akanisimulia habari za uvuvi na jahazi za ujana wake katika Kivumba ambacho wajukuu zake walikuwa wakikisikia tu bila kukisema. Bibi huyo ameshatangulia mbele ya haki. Sauti yake ilikuwa mahali pamoja tu hapa duniani, nami nilikuwa nimepafungia ndani ya mashine iliyogoma.

Kulipopambazuka nilimpigia simu msichana mmoja niliyemfundisha zamani, ambaye siku hizi ni fundi wa tarakilishi mjini.

"Taa ya diski inapepesa, Mwalimu?" akauliza.

"Imenyamaza tangu saa sita ya usiku."

"Ingekuwa inapepesa ningekuambia ungoje, hata kama ni hadi adhuhuri. Lakini kwa muda huo umevumilia vya kutosha. Kifinye kibonye cha umeme, usikiachilie hadi izimike kabisa. Kisha iwashe, uniambie inasema nini."

Nilifanya kama nilivyoagizwa, mkono ukitetemeka. Mashine iliwaka, ikasema kwamba inarejesha mabadiliko, na baada ya muda mrefu Windows 10 ikarudi na kila kitu mahali pake. Fundi alinieleza kwamba kazi ya kupandisha mfumo hufanywa kwa vituo. Kwanza mfumo mpya hupakuliwa na kuandaliwa huku ule wa zamani ungali unaendesha. Kisha mashine hujizima na kujiwasha, mfumo mpya ukaanza kuwekwa. Halafu hujiwasha tena ili mfumo huo uanze kusimama wenyewe. Katika muda wote huo ule wa zamani huwekwa kando, hautupwi, ili safari ikiharibika njiani mashine irudi ilikotoka. Ndiyo maana sikupoteza kitu. Sikuokolewa na busara yangu. Niliokolewa na tahadhari ya watu waliouandika mfumo wenyewe.

Nilipofika kwenye karakana yake, sikumpa hata nafasi ya kuketi. Nilimtaka aanze kazi mara moja. Yeye alinitazama kwa adabu akaniuliza:

"Kabla hatujagusa kitu, Mwalimu, nakala za akiba ziko wapi?"

"Zimo humo humo," nikajibu.

Hakunikemea. Alichukua diski ya nje, akaichomeka, akaanza kunakili. Kazi hiyo ilichukua asubuhi nzima, kwa kuwa diski yangu ni ya ule mtindo wa zamani wa kuzunguka kama sahani ya santuri. Rekodi za sauti zisizobanwa hula takriban megabaiti 10 kwa kila dakika, kwa hiyo saa 60 zangu pekee zilikuwa zaidi ya gigabaiti 36. Nilikaa kimya nikitazama majina ya majalada yakipita, na jina la jalada la yule bibi lilipopita, nilishusha pumzi niliyokuwa nimeizuia tangu jana usiku.

Baada ya hapo ndipo alipoanza kuitafuta ila. Sehemu ya diski inayobeba mfumo ilikuwa imebaki na gigabaiti 7 tu. "Haijafa, Mwalimu," akasema. "Imekabwa. Mfumo mpya unahitaji mahali pa kuketi wakati ule wa zamani bado haujatoka. Wewe umekaribisha wageni na nyumba haina hata pa kutandika mkeka." Tuliziondoa rekodi, tukafuta takataka, tukapata zaidi ya gigabaiti 50. Tukajaribu tena. Sitini na mbili, ikasimama.

Nikamshauri tubadilishe kila kitu kwa mkupuo mmoja: tuchomoe vifaa vyote, tuiondoe programu ya kuzuia virusi, tufute viendeshi vya zamani, kisha tujaribu. Alitabasamu.

"Si wewe uliyetufundisha pata na bata, Mwalimu?"

Nilinyamaza. Ni kweli. Katika muhula wa kwanza wa fonolojia huwafundisha wanafunzi wangu jozi za mlinganuo finyu, yaani maneno mawili yanayotofautiana kwa sauti moja tu. Tunajua kwamba /p/ na /b/ ni fonimu mbili katika Kiswahili kwa sababu tukiibadilisha hiyo moja, na kuziacha nyingine zote zilivyo, maana hubadilika. Tukibadilisha sauti tatu kwa pamoja hatutajua ni ipi iliyoleta tofauti. Msichana huyu aliichukua kanuni ile akaipeleka karakanani, ambako mimi mwenyewe sikuwahi kuiwazia.

Basi tukaenda hatua kwa hatua. Tulichomoa kichapishi, kipanya na kadi ya kumbukumbu iliyokuwa imesahauliwa ubavuni mwa mashine. Ikasimama tena pale pale. Tukaisakinua kwa muda programu ya kuzuia virusi niliyojiwekea mwenyewe. Ikasimama. Lakini safari hii mashine iliporudi nyuma ilituachia msimbo wa kosa unaoanza na 0xC1900101. Kwangu mimi hayo yalikuwa maandishi ya mzimu. Fundi alinieleza kwamba misimbo ya ukoo huo mara nyingi huelekeza kidole kwenye viendeshi, zile programu ndogo zinazosimama baina ya mfumo na vifaa.

"Kiendeshi ni mkalimani," akasema. "Wewe una mkalimani mmoja humu aliyezoea lugha ya zamani. Kila mfumo mpya unapoamka, yeye ndiye anayeitwa, naye haelewi anachoambiwa."

Tulimpata. Kilikuwa kiendeshi cha kifaa cha kunasia sauti, kile kile nilichokwenda nacho Wasini mwaka 2011. Kifaa chenyewe kilishaharibika siku nyingi, lakini mkalimani wake nilikuwa nimemsakinisha katika mashine hii ili nihamishe rekodi za zamani, kisha nikamsahau. Tukamwondoa. Siku ya pili, saa tisa alasiri, asilimia ikafika sitini na mbili, ikatua kidogo kana kwamba inatutania, ikasonga hadi sitini na tatu. Sijawahi kuifurahia tarakimu kama nilivyoifurahia hiyo.

Sasa nije kwenye hoja iliyonifanya nishike kalamu. Katika siku zile mbili, fundi huyu alinieleza maradhi ya mashine kwa Kiswahili kitupu: imekabwa, imekosa pumzi, mkalimani, mgeni, mkeka. Nilimwelewa kila neno. Mimi, niliyeandika makala kuhusu istilahi, nilikuwa na maneno mazuri yasiyo na kitu ndani yake.

Sisemi kwamba istilahi zetu ni mbaya. Zitazameni. Kupakua ni kukitoa chakula chunguni na kukitia sahanini. Ni neno gani bora kuliko hilo kwa kazi ya kuliteremsha jalada kutoka mtandaoni? Kusakinisha kumetokana na kusakini, yaani kukaa na kutulia mahali, neno lenye nasaba moja na maskani. Kusasisha ni kukifanya kitu kiwe cha sasa. Hata kiwambo kinatukumbusha ngozi iliyowambwa juu ya ngoma. Dosari haimo katika maneno. Imo katika namna tunavyoyafundisha: tunamtaka mwanafunzi aandike kwamba laptopu ni kipakatalishi, tunampa alama yake, tunapita. Hatumwonyeshi diski iliyojaa, wala hatumwambii kiendeshi kinaendesha nini.

Kazi ya kuivika tarakilishi vazi la Kiswahili haikuanza leo. Mwaka 2004 ilitolewa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, kutokana na mradi uliokuwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Windows 7 na Windows 10 nazo zilipata sura ya Kiswahili. Lakini ni walimu wangapi wa Kiswahili waliowahi kuiwasha sura hiyo? Mimi sikuwahi, nami nakiri hadharani. Lugha haikuzwi kwa kutungiwa maneno pekee. Hukuzwa kwa kutumwa kazini, karakanani na dukani, irudi na jasho.

Kwa walimu wenzangu wenye mashine kongwe, na kwa wanafunzi wanaoandika tasnifu juu ya mashine hizo, nina machache ya kuusia. Msianze kabla ya kuweka nakala mahali pawili, na pamoja kati ya hapo pasiwe ndani ya mashine yenyewe. Hakikisheni kwamba mashine inatimiza masharti: Windows 11 hudai angalau gigabaiti 4 za kumbukumbu, diski ya gigabaiti 64, kichakataji kinachokubalika na kisehemu cha usalama kiitwacho TPM, toleo la 2.0. Ichomekeni kwenye umeme, kwa maana betri ya uzeeni haiaminiki. Chomoeni kila kifaa kisichohitajika. Ikisimama, itazameni taa kabla ya kukata tamaa, kisha badilisheni jambo moja kwa wakati mmoja.

Na kama mashine haitimizi masharti, msiitupe. Ipo mifumo huria ya ukoo wa Linux inayoweza kuipa mashine kongwe maisha mapya, ukiwemo ule ulioanza kutolewa mwaka 2004 kwa jina la Ubuntu. Mwanafunzi wa isimu hahitaji kutafsiriwa jina hilo. Mzulu na Mxhosa wanasema ubuntu, Mswahili anasema utu, na mzizi ni mmoja.

Usiku ule wa pili, nilipofika nyumbani, kitu cha kwanza nilichokifungua katika mfumo mpya hakikuwa tasnifu wala alama za mitihani. Nilifungua rekodi ya mwaka 2011. Kulikuwa na upepo, jogoo akawika mbali, kisha yule bibi akakohoa na kuanza kusimulia. Sasa sauti yake iko mahali patatu. Nawe mwalimu unayesoma haya, kabla hujaligeuza gazeti ukurasa wa pili, jiulize: zako ziko wapi?